Mzee wa Kuni

Kila mwezi wa Julai, familia ya Painefil ilihama nyumba bila kutoka uani. Ijumaa jioni walikuwa bado wanakula mezani kwao kama watu. Jumamosi asubuhi magodoro ya akiba yalikuwa yanaburutwa juu ya theluji kuelekea banda la kuchomea nyama lililo nyuma, na ile nyumba ya mbao ya mbele ikabaki inanukia sabuni, ikisubiri wapangaji wa likizo kutoka Buenos Aires.

Jemadari wa uhamisho alikuwa Nélida, mama mfupi mwepesi mwenye mikono iliyopauka kwa kufua mashuka ya hoteli ya watu. Alisimama mlangoni akitoa amri huku ufagio ukiwa kwapani.

"Hugo, kabati hilo usiliguse! Likifunguka halifungiki tena, nguo zetu zote zimo humo. Yamila, picha ya bibi yako iondoe ukutani. Na ile ya komunyo yako."

"Mama, ukutani patabaki alama," alisema Yamila, binti yake wa pekee.

"Tundika kalenda ya ziwa."

Ziwa la kwenye kalenda ndilo pekee lililoonekana vizuri kutoka ndani ya nyumba ile. Tangazo la kwenye simu lilisema nyumba ina mandhari ya Ziwa Lácar, na hawakudanganya. Ukipanda juu ya ukingo wa choo ukanyoosha shingo kwenye kidirisha, ziwa lilikuwa pale, kipande cha ukubwa wa leso.

Uongo ulikuwa kwingine. Msimu uliopita mgeni mmoja aliandika kwamba nyumba ni safi, lakini wenyewe wanaishi nyuma, na mtu unajiona kama unachungwa. Akawapa nyota mbili. Baada ya hapo simu ilinyamaza mpaka theluji ikayeyuka. Kwa hiyo safari hii Yamila, aliyekuwa akikodisha viatu vya kutelezea kwenye theluji katika duka moja la mjini na kuwajua wateja walivyo, alitunga maneno mapya: faragha kamili, mwenye nyumba haishi hapa. Nélida angekuwa msimamizi anayekuja kusafisha. Hugo, mumewe, dereva wa teksi, angekuwa hayupo.

"Na mzee je?" aliuliza Hugo.

Wote wakamgeukia Don Evaristo, baba yake Nélida. Alikuwa ameketi kando ya jiko la chuma, kofia kichwani, akifyonza chai chungu kwenye kibuyu chake kidogo kwa bomba la fedha, kama mtu anayeyasikia mambo ya kuhama redioni.

"Mimi niacheni hapa hapa," alisema. "Sipigi kelele."

"Baba, tafadhali."

"Nitakuwa samani."

Ilibidi wamtoe na kiti chake.

*

Wageni walifika mchana na gari kubwa la kukodi, mbao za kutelezea zimefungwa juu kama kuni za tajiri. Alishuka Marcelo, bwana mrefu mwenye kucheka ovyo. Wakashuka watoto wawili wa kike waliokimbilia theluji kabla hata ya kusalimia. Akashuka mkewe Florencia, miwani ya jua usoni, tayari anahesabu vyumba kwa macho. Mwisho kabisa akashushwa mama yake Florencia, Doña Beba, bibi kizee aliyevaa koti la manyoya na kushika mkoba kama anayekwenda benki.

"Mmenileta kwenye friji," alisema bibi yule. "Nyumbani nilikuwa nayo moja, ingetosha."

Marcelo aliingia ndani akicheka, akajigonga paji la uso kwenye boriti ya ukumbini, akacheka tena, safari hii kwa shida. Nélida akamwomba radhi kwa niaba ya boriti. Akawaonyesha maji ya moto, blanketi, swichi ya jikoni inayohitaji kubembelezwa. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka mlango wa mbele ulipofunguka bila hodi.

Akaingia Don Evaristo na kuni kifuani zimemfika kidevuni. Akapangusa buti zake mkekani, akapita katikati ya wageni, akapiga goti mbele ya jiko lake la chuma na kuanza kulilisha.

Florencia alivua miwani. "Huyu ni nani?"

Swali lilikuwa dogo. Nélida alifungua kinywa, akaziona zile nyota mbili, akausikia mlio wa simu isiyolia.

"Huyu?" alisema. "Ni mzee wa kuni."

Mgongo wa Don Evaristo ulitulia kidogo, kipande cha mti wa lenga mkononi. Kisha akakisukuma motoni, akafunga mlango wa jiko, akasimama kwa kushika goti. Akagusa kofia yake.

"Mzee wa kuni, kuwatumikia," alisema, akatoka.

*

Kule bandani hapakuwa na nafasi hata ya kununa. Vitanda vilikuwa vimepangwa kuzunguka wavu wa kuchomea nyama, na ukitaka kugeuka usiku ulimtaarifu jirani. Nélida alikuwa akimenya viazi kwa kasi ya mtu anayegombana navyo.

"Baba, lilinitoka tu."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana."

Don Evaristo alikuna kidevu. "Ninachouliza ni kimoja. Je, mzee wa kuni ana likizo? Ana siku ya mapumziko? Maana nisije nikanyonywa."

Hugo alipasuka kicheko, Yamila naye, hata Nélida akacheka huku pua yake ikiwa nyekundu. Lakini alimwona baba yake akikitazama kiti chake, ambacho hakikuwa na pa kukaa zaidi ya pembeni, kati ya gunia la mkaa na baiskeli, na kicheko kikamkauka. Nyumba ile Don Evaristo aliijenga kwa mikono yake mwaka aliooa, ubao kwa ubao, na boriti ya ukumbini aliiweka chini kwa sababu kila Painefil alijua wapi pa kuinamisha kichwa.

Kesho yake wageni wakapanda mlimani Chapelco alfajiri, wamejifunga mavazi ya rangi za peremende. Aliyebaki ni Doña Beba peke yake, na jiko, na kalenda.

Don Evaristo akaingia kulisha jiko. Dakika tano zikawa nusu saa. Siku iliyofuata alitoka asubuhi na akarudi bandani saa ya chakula cha mchana, amenyoa ndevu.

"Kuni ngapi hizo, baba?" aliuliza Nélida.

"Baridi ni kali mwaka huu."

Nélida hakuridhika. Siku ya tatu alichukua taulo safi kama kisingizio, akaingia kupitia mlango wa jikoni. Hata kabla hajafika sebuleni alisikia ngurumo.

"Truco!"

Ilikuwa sauti ya Doña Beba, akipandisha dau la karata. Amekaa mezani, koti la manyoya limetupwa kitini, karata tatu mkononi, rundo la maharage mbele yake. Upande wa pili Don Evaristo alikuwa ameinamia karata zake, na mbele yake palikuwa na maharage mawili tu.

"Unanidanganya, mama," alisema mzee. "Huna kitu mkononi. Uso wako nausoma."

"Uso wangu umesomwa na wanasheria watatu na mume mmoja, wote wakashindwa. Unataka au hutaki, Don Kuni?"

"Nataka!"

Bibi akaangusha karata mezani kwa kofi. Don Evaristo akashika kichwa. Maharage mawili yakavuka meza.

"Ah, msimamizi," alisema Doña Beba alipomwona Nélida. "Mwambie mwenye nyumba huyu mzee ni mwizi wa karata, na bado anashindwa. Haya, mimina chai."

Don Evaristo akajaza kibuyu, akampa. Bibi wa Buenos Aires akafyonza kwenye bomba lile lile bila hata kulipangusa. Nélida akaweka taulo juu ya kiti, akatoka kama mtu aliyeingia kanisani na kukuta watu wanacheza dansi. Uani alisimama kidogo. Hakuwahi kumsikia baba yake akipiga kelele namna ile tangu mama yake afariki.

*

Alhamisi dhoruba ikafika. Upepo ulitoka upande wa Chile na theluji ya ubavu, viti vya kamba vya kupandia mlima vikasimamishwa, barabara ya mlimani ikafungwa. Duka la Yamila nalo likafunga, na teksi ya Hugo ikakataa kuwaka. Kwa hiyo watu wote wakawa nyumbani, wa mbele mbele na wa nyuma nyuma.

Likizo iliyofungiwa ndani huchacha haraka. Kufikia saa nne watoto walikuwa wamegombana kwa kila kitu kilichomo. Marcelo alikuwa dirishani na simu yake, akitafuta utabiri wa hali ya hewa utakaompendeza. Florencia alikuwa amekuja kupumzika, na hakuna kazi ngumu kama hiyo kwa aliyeizoea kazi. Alitoka chumbani na kumkuta mzee wa kuni amekaa mezani pake. Buti zake zilikuwa mlangoni. Soksi zake za sufu zilikuwa zinakauka juu ya jiko, zinatoa mvuke. Na bomba la chai lilikuwa linatoka mdomoni mwa mzee huyo kwenda mdomoni mwa mama yake mzazi.

Alimfuata Nélida jikoni, ambako alikuwa akibadilisha mtungi wa gesi, akafunga mlango nusu.

"Nélida, samahani, sipendi kulalamika."

Nélida alijua kinachofuata sentensi hiyo. Miaka ishirini hotelini ilikuwa imemfundisha.

"Yule mzee wa kuni," alisema Florencia. "Anaingia bila hodi. Anakaa saa nzima. Mama yangu anaongea naye kwa sababu ni mpweke, lakini yeye angepaswa kujua mipaka. Leo nimekuta soksi. Soksi, Nélida! Na watoto wako humu ndani. Sisi tumelipia faragha."

"Ndiyo, mama."

"Mwambie mwenye nyumba atafute mtu mwingine. Au walau asiingie tena sisi tukiwepo. Kuni aziache nje, Marcelo atazichukua."

Nélida alikuwa ameshika spana. Angeweza kusema wakati ule. Maneno yalikuwa yamefika kooni, yamejipanga. Lakini kesho yake ilikuwa Ijumaa, Jumamosi wanakuja wageni wa Córdoba, na paa la banda lilikuwa linavuja, na injini ya teksi ilikuwa imekufa asubuhi ile ile.

"Nitamwambia," alisema.

Alipogeuka, baba yake alikuwa amesimama kwenye ule mlango ulioachwa wazi nusu, miguu mitupu juu ya saruji, kibuyu mkononi. Alikuwa amekuja kuongeza maji ya moto.

Don Evaristo aliweka kibuyu kando ya sinki, taratibu, kama kinaweza kuvunjika. Akarudi sebuleni, akachukua soksi zake zikiwa bado mbichi, akazivaa amesimama, mkono ukutani. Akavaa buti.

"Unakwenda wapi?" Doña Beba alimfokea. "Hatujamaliza! Naongoza!"

"Nimeitwa, mama. Samahani kwa usumbufu." Na kwa Florencia, akigusa kofia: "Samahani, bibie."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, yeye aliyekuwa akiutumia wa mbele tangu alipoutia bawaba. Nélida alimtazama akivuka ua, theluji ikimfuta mgongo. Akarudi kwenye mtungi wa gesi. Alikaza nati mpaka spana ikateleza na kumchubua vidole, na akaushukuru uchungu ule, maana ulimpa sababu ya machozi.

*

Haikupita nusu saa, mtoto mdogo wa Florencia aliyekuwa dirishani akasema, "Mama, banda linaungua."

Haukuwa moto. Upepo ulikuwa umesukuma theluji yote ya paa juu ya dohani ya banda na kuiziba kama kizibo. Moshi ukakosa njia, ukarudi kwa wenyewe. Mlango wa banda ulifunguka kwa teke na moshi mweusi ukatoka kwanza, halafu Hugo, aliyekuwa amelala, akiwa na suruali ya ndani ndefu na blanketi. Akafuata Yamila, akikohoa, amekumbatia picha ya bibi yake na ile ya komunyo. Nélida alikuwa ameshafika uani, hana koti.

"Baba yuko wapi? Hugo, baba yuko wapi?"

"Alikuwa nyuma yangu!"

Nélida aliingia kabla hajamaliza kujibiwa. Alimkuta kwa kumkanyaga. Mzee alikuwa amepiga magoti kando ya baiskeli akivuta kiti chake.

"Kiache!"

"Kimenasa kwenye pedali."

"Baba, kiache nakwambia!"

Wakatoka wote wawili wakiwa wameshikana kiunoni, na kiti kikatoka nao, maana mzee hakukiachia. Wakaanguka juu ya theluji, wakakohoa. Walipoinua macho, familia yote ya Buenos Aires ilikuwa imejipanga kwenye baraza, Marcelo na ndoo ya maji asiyojua aimwage wapi.

Moshi ulipopungua, kila kitu kikaonekana kupitia mlango ule: vitanda vinne, sufuria, miswaki kwenye bilauri, nguo zimeanikwa juu ya wavu wa nyama. Florencia alitazama vitanda, akamtazama Hugo na suruali yake ya ndani, akamtazama Nélida.

"Mnaishi humo?" aliuliza. "Muda wote huu?"

Nélida alisimama, akakung'uta theluji magotini. Alikuwa na masizi usoni na damu vidoleni, na akagundua kwamba hana tena cha kuogopa. Nyota zote zilikuwa zimeshaanguka.

"Huyu ni mume wangu. Huyu binti yangu," alisema. "Na huyu si mzee wa kuni. Ni baba yangu. Evaristo Painefil. Nyumba mnayolala ni yake, aliijenga yeye. Jiko lile ni lake. Kitanda anacholala mama yako ni chake, amekilalia miaka hamsini. Na mimi nimemkana mbele yenu kwa sababu ya tangazo la kwenye simu."

Upepo ukavuma. Don Evaristo, bado amekaa chini, aliinua kidole kama mwanafunzi.

"Kwa kuwa mwenye nyumba ni mimi," alisema, "lile ombi la kumfukuza mzee wa kuni nimelipata. Nimelifikiria. Nimelikataa."

Aliyeanza kucheka ni Doña Beba, kicheko kikubwa kilichomlazimu kushika nguzo ya baraza. "Mimi nilijua!" alisema. "Nilijua tangu siku ya kwanza, umeme ulipokatika jioni naye akaja na kuni! Alipita ukumbini gizani akainamisha kichwa pale kwenye boriti, bila kuigusa. Mzee wa kuni angejigonga kama mkwe wangu huyu." Kisha akamgeukia binti yake, na kicheko kikaisha. "Florencia, watu wanapigwa na baridi. Mlango unaziba wewe."

Florencia akasogea.

*

Mchana ule walikula wote tisa meza moja, na meza haikutosha, wengine wakakalia ndoo. Nélida alikaanga mandazi, na watoto wakayala mpaka wakaona usingizi. Marcelo alimkopesha Hugo suruali iliyomfunika mpaka nyayo. Don Evaristo alikaa kwenye kiti chake kinachonuka moshi, mahali pake, kando ya jiko.

Florencia alimfuata tena Nélida jikoni. Safari hii aliuacha mlango wazi.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungekuja?"

Florencia alichukua sahani, akaanza kuipangusa, akaipangusa kupita kiasi. "Hapana," alisema mwishoni. "Nisingekuja."

"Ndiyo hivyo, basi."

"Nimeona haya, Nélida."

"Wewe umeona leo," alisema Nélida. "Mimi nina siku sita nayo. Nipe sahani hiyo, utaitoboa."

Wakapangusa vyombo bega kwa bega. Sebuleni ngurumo ikasikika: "Truco!" na kofi la karata. Usiku, wageni waliwaomba wenyewe walale ndani. Don Evaristo alikubali kwa niaba ya wengine, lakini Doña Beba alipotaka kumrudishia kitanda, mzee alikataa katakata. Kilicholipiwa kimelipiwa, alisema. Akalala sebuleni juu ya godoro, akakoroma kiasi kwamba Marcelo siku ya pili alisema sasa ameelewa maana ya faragha.

Ijumaa anga ilitakata. Wageni walikwenda mlimani kwa mara ya mwisho, na Nélida akamkuta baba yake uani akipasua kuni. Alisimama karibu naye, mikono ndani ya aproni.

"Baba. Lile neno."

"Neno gani? Kuni nazileta, mzee ni mzee." Akaweka kipande kingine juu ya gogo, lakini hakukipiga. "Siku ya kwanza halikuniuma. Lilinichekesha. Lililoniuma ni ulipomwambia 'nitamwambia'. Nikasema, huyu mtoto atakuja kuniambia kweli."

"Ningekuja."

"Najua. Ndiyo maana niliondoka kabla hujaja."

Nélida akainama, akaanza kukusanya vipande vilivyopasuliwa, akavibeba kifuani mpaka vikamfika kidevuni.

Simu ilimkuta ndani. Alikuwa yule bibi wa Córdoba, wa Jumamosi. Alitaka kuhakikisha: kuna maji ya moto? Kuna blanketi? Na mwenye nyumba haishi hapo, sivyo?

Yamila, aliyekuwa kando, alimfanyia mama yake ishara kwa nyusi. Hugo alisimama na kijiko mkononi.

"Anaishi hapa," alisema Nélida. "Ni baba yangu. Tunaishi wote nyuma. Asubuhi anaingia kuwasha jiko, na akiingia anakaa kidogo. Ndiyo. Hapana, bibie, hatuwezi kumwambia asiingie. Ndiyo, naelewa. Haya, karibu."

Akaiweka simu mezani kama kitu cha moto.

"Wanakuja?" aliuliza Hugo.

"Atafikiria."

Bibi wa Córdoba alifikiria mpaka Jumamosi saa tatu, akaandika kwamba wamepata pahali pengine. Gari la Buenos Aires lilikuwa limeshaondoka, Doña Beba akipiga kelele dirishani kwamba kuna mtu anadaiwa mchezo mmoja wa marudiano. Teksi ya Hugo ilikuwa bado imekufa. Paa la banda lilikuwa bado linavuja. Hugo aliketi akashika mashavu, akasema ukweli ni kitu kizuri lakini hautiwi kwenye tangi la mafuta, na hakuna aliyembishia.

Kisha wakavuta magodoro kuvuka ua, kurudi ndani, katikati ya Julai, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Jumapili asubuhi Nélida aliamka kwenye chumba chake mwenyewe, akasikia jiko linalishwa, akatoka. Baba yake alikuwa kwenye kiti chake, kofia kichwani, anajikanda kiuno kwa hasira.

"Umelala vipi, baba?"

"Vibaya mno," alisema Don Evaristo, akampa kibuyu cha kwanza cha siku. "Yule mama amelibonyeza godoro langu lote upande mmoja. Usiku kucha nateremka kuelekea Buenos Aires."